Cheni, Mkanda au Shafti: Jinsi Nguvu ya Injini Inavyofika Gurudumu la Nyuma

Somo kwa wahudumu wa bodaboda, mafundi wa pikipiki na wanafunzi wa vyuo vya ufundi

Siku ya soko mjini Taveta, pikipiki huingia na kutoka zikiwa zimebeba mikungu ya ndizi. Upande wa vilima vya Taita, nyingine huteremka kutoka Werugha na Wundanyi na magunia ya kabichi na sukuma wiki kuelekea Mwatate na Voi. Zipo za injini ndogo na za injini kubwa kidogo, mpya na kuukuu, lakini zote zina kazi moja ya mwisho: kupeleka nguvu kutoka kwenye giaboksi hadi gurudumu la nyuma. Kazi hiyo hufanywa na kifaa ambacho wahudumu wengi hawakiangalii mpaka siku kinapokatika.

Katika pikipiki za kisasa kuna njia tatu za kufanya kazi hiyo: cheni, mkanda na shafti. Karibu kila bodaboda nchini hutumia cheni. Pikipiki kubwa za safari ndefu, zinazoonekana mara chache kwenye barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, nyingi hutumia shafti, na baadhi hutumia mkanda. Ndiyo maana swali hili husikika mara kwa mara stejini: je, cheni ni mtambo wa kizamani ambao bodaboda zimebaki nao kwa sababu tu ni wa bei nafuu?

Jibu fupi ni hapana. Kila njia ina gharama yake, na tofauti iko katika wakati wa kuilipa. Gharama ya shafti hulipwa dukani siku pikipiki inaponunuliwa. Ya mkanda hulipwa kwa mkupuo siku unapoharibika. Ya cheni hulipwa kidogo kidogo kila wiki, kwa brashi, mafuta na robo saa ya kazi. Asiyeilipa kwa njia hiyo huilipa kwa njia nyingine, na wakati mwingine anayelipa ni abiria aliyeketi nyuma yake.

KAZI YENYEWE NI IPI

Injini ya cc 100, 125 au 150 hutoa nguvu yake vizuri inapozunguka maelfu ya mara kwa dakika. Gurudumu haliwezi kuzunguka kwa kasi hiyo. Giaboksi hupunguza mzunguko kwa sehemu, na hatua ya mwisho, ile iliyo nje ya injini, huupunguza tena na papo hapo kuongeza nguvu ya kuzungusha.

Chukulia pikipiki yenye sproketi ya mbele ya meno 14 na ya nyuma ya meno 42. Meno 42 yakigawanywa kwa 14 jibu ni 3. Maana yake ni kwamba sproketi ya mbele huzunguka mara 3 ili gurudumu lizunguke mara 1, na nguvu ya kuzungusha inayofika kwenye gurudumu ni karibu mara 3 ya ile iliyotoka kwenye giaboksi.

Fundi akiondoa sproketi ya mbele ya meno 14 na kuweka ya meno 13, uwiano unakuwa 3.23. Pikipiki itapanda mlima ikiwa na nguvu zaidi kwa kiasi cha asilimia 8. Lakini kwenye tambarare ya Voi, kwa mwendo uleule, injini itazunguka haraka zaidi, itapiga kelele zaidi na itaelekea kunywa petroli zaidi. Tena cheni inayojikunja kwenye sproketi ndogo huchakaa mapema. Kwa hiyo mabadiliko hayo yanafaa kwa anayeshinda vilimani, na si kwa kila mtu.

Huo ni uzuri wa kwanza wa cheni: uwiano wake unaweza kubadilishwa kwa sproketi moja na spana chache. Kwa mkanda, kubadilisha puli ni ghali na vipuri ni vichache. Kwa shafti, uwiano umefungwa ndani ya gia za kiwandani na mwenye pikipiki kwa kawaida haugusi.

CHENI: NAFUU, NYEPESI, NA YENYE KUHITAJI MACHO

Cheni ya rola inayotumika leo ilibuniwa mwaka wa 1880 na Hans Renold, mhandisi mzaliwa wa Uswisi aliyekuwa na karakana Manchester, Uingereza. Umbo lake halijabadilika sana tangu wakati huo. Kila kiungo kina vibati vya pembeni, pini katikati, bushi inayoizunguka pini, na rola inayozunguka juu ya bushi. Rola hukaa kati ya meno ya sproketi na kuzunguka badala ya kusugua. Ndiyo sababu cheni safi yenye mafuta hupoteza asilimia chache tu za nguvu ya injini.

Pikipiki nyingi za cc 125 na 150 hutumia cheni yenye namba 428. Tarakimu ya kwanza, 4, huonyesha umbali kutoka pini moja hadi nyingine katika sehemu za nane za inchi. Kwa hiyo 4 ni nusu inchi, yaani milimita 12.7. Cheni ya 520, inayotumika kwenye pikipiki kubwa zaidi, ina umbali wa milimita 15.875 na haiwezi kukaa kwenye sproketi za 428. Cheni ya 420 ina umbali sawa na 428 lakini ni nyembamba, hivyo nayo haifai mahali pa 428. Namba hiyo huchapwa kwenye vibati vya cheni yenyewe, na mnunuzi anapaswa kuisoma kabla ya kulipa.

Watu husema cheni "imevutika", kana kwamba chuma chake kimenyooka kama raba. Sivyo ilivyo. Kinachochakaa ni sehemu iliyofichika: pini na bushi zinasuguana kila kiungo kinapojikunja kwenye sproketi. Vumbi jekundu la barabara za murram likiingia humo na kuchanganyika na mafuta, hugeuka kuwa kama msasa. Kila kiungo kikiliwa robo tu ya milimita, cheni ya viungo 116 yenye urefu wa karibu milimita 1,473 huongezeka milimita 29. Hizo ni karibu sentimita 3, na ni sawa na asilimia 2 ya urefu wake. Hakuna kibati kilichovutika. Ni matundu 116 yaliyopanuka kidogo kila mahali.

Cheni iliyorefuka hailingani tena na meno ya sproketi. Badala ya rola kutua chini kati ya meno, hupanda juu ya jino na kulisukuma kwenye ncha. Meno hupinda upande mmoja yakawa kama mapezi ya papa. Hapo cheni huanza kuruka meno wakati wa kupanda mlima, na siku moja hutoka kabisa.

Zipo pia cheni zenye oringi, yaani vipete vya raba vilivyobanwa kati ya vibati ili kufungia grisi ndani ya kila kiungo. Hudumu zaidi kwa sababu vumbi haliifikii pini kwa urahisi, lakini bei yake ni ya juu zaidi, na zinapatikana hasa kwenye pikipiki kubwa.

MKANDA: KIMYA NA USAFI, ILA UNAOGOPA KOKOTO

Mkanda wa kisasa wa pikipiki si kipande cha ngozi kama ule wa cherehani ya miguu. Ni mkanda wa raba ngumu au plastiki ngumu, wenye meno upande wa ndani, na ndani yake zimepita nyuzi zenye nguvu kubwa ambazo karibu hazivutiki kabisa. Meno hayo hukaa kwenye puli ya mbele na puli ya nyuma, hivyo mkanda hauwezi kuteleza kama mkanda laini. Kampuni ya Harley-Davidson ya Marekani iliuingiza kwenye pikipiki yake ya Sturgis mwaka wa 1980, na baadaye ukawa kitu cha kawaida kwa pikipiki zake nyingi.

Faida zake ni za kweli. Hauhitaji mafuta, hivyo haurushi oili kwenye rimu wala kwenye nguo za abiria. Hauna kelele. Hauna pini wala bushi za kuliwa, na kwenye barabara nzuri ya lami huweza kudumu makumi ya maelfu ya kilomita bila kazi nyingine ila kuoshwa na kukaguliwa ulegevu wake.

Lakini mkanda una masharti. Kwanza, ni mpana, na puli zake ni kubwa, kwa hiyo pikipiki lazima iwe imeundwa kwa ajili yake tangu mwanzo. Pili, hauna kiungo cha kufungua. Cheni hufunguliwa kwa klipu moja. Mkanda ni duara kamili, na kwenye pikipiki nyingi kuubadilisha ni lazima gurudumu na hata mkono wa nyuma unaolishika gurudumu vifunguliwe. Tatu, na hili ndilo kubwa kwa barabara za kokoto, jiwe dogo likiingia kati ya mkanda na puli linaweza kutoboa mkanda au kukata nyuzi za ndani. Mkanda uliojeruhiwa hivyo unaweza kuonekana mzima kwa nje kisha ukakatika baadaye bila onyo. Ukikatika kati ya Wundanyi na Mwatate, hakuna fundi wa kando ya barabara atakayeuunganisha.

Mafundi wanapaswa pia kutofautisha mkanda huu na ule wa skuta. Skuta nyingi zina mkanda ndani ya kasha la injini, lakini huo hufanya kazi ya kubadilisha gia zenyewe na hausimami mahali pa cheni. Vipuri vyake na ukaguzi wake ni tofauti.

Kwa pikipiki za umeme, ambazo zinaongezeka nchini, mambo yako njia mbili. Baadhi zina mota ndani ya rimu ya nyuma, hivyo hazihitaji cheni, mkanda wala shafti. Nyingine zina mota katikati ya fremu na bado hutumia cheni au mkanda kufikisha nguvu nyuma. Anayenunua ya umeme aulize swali hili mapema, kwa sababu kutokuwa na injini ya petroli si lazima kuwe na maana ya kutokuwa na cheni ya kutunza.

SHAFTI: IMEFUNGWA NDANI, INA NGUVU, NA NI NZITO

Shafti ni fimbo ya chuma inayozunguka ndani ya kasha lililofungwa, kama ile ambayo madereva wa matatu na malori huiita propela. Kwenye gurudumu la nyuma huishia kwenye gia za pembe zinazogeuza mzunguko kwa nyuzi 90 na kuupeleka kwenye rimu. Kampuni ya BMW ya Ujerumani ilitoa pikipiki yake ya kwanza, R32, mwaka wa 1923 ikiwa na shafti, na mpaka leo pikipiki zake nyingi kubwa zina shafti. Honda nayo iliipa shafti Gold Wing ilipoitoa mwaka wa 1975, kwa watu wanaokwenda masafa marefu na mzigo.

Kwa kuwa kila kitu kimefungwa ndani na kulowa oili, vumbi, matope na mvua haviingii. Kazi ya mwenye pikipiki ni kubadilisha oili ya gia kwa wakati uliowekwa na mtengenezaji na kuangalia kama kuna uvujaji kwenye sili. Hakuna kukaza, hakuna kusugua kwa brashi.

Kama ni hivyo, kwa nini bodaboda hazina shafti? Sababu ya kwanza ni uzito na bei. Shafti, gia zake na kasha lake ni vyuma vizito vilivyochongwa kwa usahihi mkubwa. Kwenye pikipiki ya cc 1,000 uzito huo hauonekani sana. Kwenye pikipiki ya cc 125 ni kama kubeba mzigo wa kudumu usiolipiwa nauli. Sababu ya pili ni umbo la injini. Kwenye injini ya kawaida ya bodaboda, mhimili wa giaboksi umelala kwa upana wa pikipiki, sambamba na ekseli ya gurudumu, na cheni huunganisha sproketi mbili zilizoelekea upande mmoja. Shafti ingelazimika kugeuza mzunguko mara mbili: kwanza kuuelekeza nyuma, kisha kuurudisha upande wa gurudumu. Kila mgeuko wa gia hula nguvu kidogo, na injini ndogo haina nguvu ya kupoteza. Sababu ya tatu ni matengenezo. Gia za shafti haziharibiki mara nyingi, lakini zikiharibika zinahitaji vifaa maalumu, fundi aliyesomea, na vipuri vya kuagizwa.

Hata hivyo shafti si ngeni katika miji ya Voi na Taveta. Pikipiki nyingi za magurudumu matatu za kubeba mizigo, zile zenye bodi nyuma, hutumia shafti inayokwenda hadi ekseli ya nyuma yenye difu kama ya gari. Hapo ina mantiki: mzigo ni mkubwa, mwendo ni mdogo, magurudumu ya kuzungusha ni mawili, na uzito wa chuma si tatizo. Wenye pikipiki hizo wakumbuke kwamba difu nayo ina oili yake. Kutokuwa na cheni ya kuonekana kumewafanya wengine wasahau kabisa kuikagua, mpaka difu ianze kulia.

NI IPI INAYOFAA WAPI

Kwa msafiri wa lami anayekwenda mamia ya kilomita kwa siku na pikipiki kubwa, shafti humwondolea kazi ya kupaka mafuta kila jioni. Kwa mwenye kupenda safari za utulivu kwenye lami, mkanda unafaa. Kwa mhudumu wa bodaboda anayepita murram, mchanga, matope na mlima kwa siku moja, akiwa na injini ndogo na abiria au gunia nyuma, cheni ndiyo iliyo mahali pake. Ni nyepesi, haili nguvu nyingi, inavumilia vumbi na mawe kuliko mkanda, vipuri vyake viko karibu kila mji, na ikikatika njiani inaweza kufungwa tena.

Kwa hiyo bodaboda haijaachwa nyuma. Ina chombo kinachofaa kazi yake, kwa sharti moja: kitunzwe.

UTUNZAJI WA CHENI HATUA KWA HATUA

Vitabu vya watengenezaji wengi huelekeza cheni isafishwe na kupakwa mafuta kila baada ya kilomita 500 hadi 1,000, na mapema zaidi penye vumbi au mvua. Mhudumu anayekwenda kilomita 100 kwa siku, siku 6 kwa wiki, hufikisha kilomita 600. Kwa maneno mengine, kazi hii ni ya kila wiki.

1. Injini izimwe kabisa. Gurudumu lizungushwe kwa mkono, gia ikiwa nyutro na pikipiki ikiwa juu ya stendi kubwa. Kuwasha injini na kutia gia ili cheni ijizungushe yenyewe huku mtu akishika kitambaa ni njia ya kupoteza vidole. Kitambaa hunaswa kati ya cheni na sproketi, na mkono hufuata kabla mtu hajapata muda wa kuuachia.

2. Cheni isuguliwe kwa brashi na mafuta ya taa kidogo, kisha ifutwe ikauke. Petroli isitumike, huwaka kwa urahisi na huharibu raba za cheni zenye oringi.

3. Mafuta yapakwe upande wa ndani wa cheni, sehemu ya chini, huku gurudumu likizungushwa polepole. Mzunguko utayasukuma kuelekea nje, yakapita ndani ya rola. Oili ya gia ya namba 80 au 90 inafaa. Wakati mzuri ni baada ya kazi, cheni ikiwa bado na joto, ili mafuta yapate usiku mzima wa kupenya. Ya ziada yafutwe.

Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini haifai, kwa kuwa ina masizi na unga wa chuma. Grisi nzito ya kupakwa kwa nje nayo haifiki kwenye pini. Hukaa juu na kukusanya vumbi.

4. Ulegevu upimwe katikati ya sproketi mbili, sehemu ya chini ya cheni. Kwa pikipiki nyingi ndogo, cheni inapaswa kupanda na kushuka milimita 20 hadi 30 kwa jumla, lakini kipimo cha kufuata ni kile cha kitabu cha pikipiki husika. Gurudumu lizungushwe na kipimo kirudiwe mahali kadhaa, kwa sababu cheni haichakai sawasawa. Marekebisho yafanywe mahali inapokaza zaidi.

Wahudumu wengi hupenda cheni iliyokaza sana wakidhani ndiyo salama. Ni kosa. Abiria au mzigo ukikandamiza shokomzoba za nyuma, mkono unaoshika gurudumu hupanda na umbali kati ya sproketi mbili huongezeka. Cheni iliyokuwa imekaza pikipiki ikiwa tupu itakaza kupita kiasi ikipakiwa, na nguvu hiyo itaenda kwenye beringi za giaboksi na za gurudumu.

5. Alama za kurekebishia zilizo pande zote mbili za ekseli zilingane. Gurudumu likikaa mshazari, cheni itakula sproketi kwa ubavu. Nati ya ekseli ikazwe barabara, na pini yake ya kufungia irudishwe.

6. Breki ya nyuma ikaguliwe tena. Kwenye pikipiki zenye breki ya ngoma, kusogeza gurudumu nyuma hubadilisha nafasi ya fimbo ya breki, na pedali inaweza kukaza au kulegea. Taa ya breki nayo ijaribiwe. Hatua hii husahaulika sana.

7. Klipu ya kiungo cha kufungia itazamwe. Upande wake uliofungwa, usio na mwanya, uelekee mbele, upande cheni inakokwenda. Ikiwekwa kinyume, jiwe au kijiti kinaweza kuisukuma ikachomoka.

Kujua kama cheni imekwisha, ipimwe ikiwa imenyooshwa kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya 21. Cheni mpya ya 428 ni milimita 254. Ikifika milimita 259, hiyo ni asilimia 2, na ni wakati wa kuitoa. Asiye na rula anaweza kuivuta cheni kutoka nyuma kabisa ya sproketi kubwa. Ikiinuka mpaka nusu ya jino ionekane, imechakaa. Cheni na sproketi zote mbili zibadilishwe pamoja. Cheni mpya juu ya meno yaliyopinda huharibika haraka.

USALAMA WA ABIRIA

Cheni ikitoka au kukatika pikipiki ikiwa mwendoni, inaweza kujisokota kwenye sproketi na kufunga gurudumu la nyuma ghafla. Kwenye mteremko wenye kona, hilo ni anguko. Wakati mwingine hupasua kasha la injini na kumwaga oili yote barabarani.

Hatari nyingine ni nguo. Leso, dera, buibui na shuka huweza kunaswa na cheni au spoki na kumvuta abiria chini kabla mwendeshaji hajatambua. Kifuniko cha cheni kiliwekwa kiwandani kwa ajili hiyo, na pia kuzuia vumbi. Kukiondoa kwa sababu kinapiga kelele ni kuondoa kinga mbili kwa mkupuo. Kelele hiyo hutibiwa kwa boliti mpya. Kabla ya kuondoka, mhudumu amwombe abiria akusanye nguo yake na kuikalia.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka chombo kiwe katika hali isiyohatarisha watu barabarani, na inaruhusu pikipiki kubeba abiria mmoja tu. Abiria wa pili, mbali na kuvunja sheria, huongeza mzigo ambao cheni, breki na tairi hazikupimiwa.

HESABU YA MFUKO

Bei za vipuri hutofautiana, kwa hiyo hesabu ifuatayo ni ya mfano tu. Kila mhudumu aweke namba zake. Seti ya cheni na sproketi ikigharimu shilingi 2,400 na kudumu kilomita 12,000, kila kilomita imegharimu senti 20. Seti hiyohiyo ikiachwa na vumbi ikadumu kilomita 6,000, kila kilomita imegharimu senti 40. Kwa anayekwenda kilomita 600 kwa wiki, hiyo ni shilingi 120 dhidi ya 240 kila wiki. Hapo bado hajahesabu siku aliyokwama njiani, wateja waliopanda pikipiki nyingine, wala matibabu kama kumetokea ajali. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

MASWALI YA KUJIPIMA

Walimu wa vyuo vya ufundi na viongozi wa vikundi vya bodaboda wanaweza kuyatumia maswali haya darasani au mkutanoni.

1. Pikipiki ina sproketi ya mbele ya meno 15 na ya nyuma ya meno 45. Sproketi ya mbele huzunguka mara ngapi gurudumu likizunguka mara 1?

2. Cheni "inaporefuka", ni sehemu gani hasa zilizoliwa?

3. Kwa nini mkanda haufai sana kwenye barabara ya kokoto?

4. Kwa nini shafti inafaa pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu kuliko bodaboda ya cc 125?

5. Baada ya kukaza cheni, ni kitu gani kingine lazima kikaguliwe kabla ya kubeba abiria?

Majibu: (1) Mara 3. (2) Pini na bushi. (3) Jiwe likiingia kati ya mkanda na puli huukata, na hauunganishiki njiani. (4) Mzigo ni mkubwa, mwendo ni mdogo, magurudumu ya kuzungusha ni mawili, na uzito wa shafti si tatizo. (5) Breki ya nyuma pamoja na taa yake.

Kwa mhudumu aliyesoma mpaka hapa, kazi ya kuanzia ni ndogo. Leo jioni, kabla ya kufunika pikipiki, azime injini, azungushe gurudumu kwa mkono, apime ulegevu wa cheni mahali patatu na atazame meno ya sproketi. Akiona mapezi ya papa, asingoje mlima wa kesho umthibitishie.